Maagizo kwa Fundi Umeme

Fundi Kapela, ngazi weka hapo, viatu acha nje,
na kabla hujatoboa ukuta nisikilize.
Najua umeniletea tyubu nyeupe, mbili kwa bei ya moja,
unasema zikiwaka nitaona hadi unyayo wa sisimizi.
Sawa. Lakini chumba hiki hakitaki kuona hivyo.

Humu napaka dawa kwenye fremu.
Ikiwa mbichi ni ya kijani, inavutika kama mlenda,
na ina macho. Inaona kabla yako.
Iwashie nyeupe, inakaza, inang'ang'ania nyuzi,
na maji ya bomba, siku yanapotoka, hayaibandui tena.

Mwezi wa sita warina asali wa Sikonge
waliagiza fulana mia tatu, nyuki mgongoni.
Fremu sita zilikuwa zimekauka, zasubiri kuchomwa.
Mihayo akaingia kutafuta ndala yake,
ya kushoto,
akabonyeza swichi.
Dakika nne. Ndala hakuiona.
Nyuki walikufa wote kabla ya kuota mabawa.

Zamani ilikuwepo globu nyekundu,
ya mjomba Masele, aliyesafishia picha humu
enzi ambazo Tabora nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe.
Nyekundu ni salama, sikatai.
Ila macho yaliniuma, michirizi ya dawa sikuiona,
na usiku watu wa Isevya waligonga dirisha
kuuliza bia baridi ni shilingi ngapi.

Basi nikajifunza kupima.
Nilipaka dawa kipande cha kitambaa, kikakauka kabatini,
nikakitandaza chini ya taa, sarafu ya mia mbili juu yake,
nikanywa chai nusu saa, nikakiosha.
Ile uliyoniuzia mwaka jana, unayoiita taa ya joto,
iliacha duara wazi katikati, mwezi mpevu,
na pembeni dawa imekaza kama ukoko wa ugali.
Ina bluu iliyojificha, fundi,
kama maji ndani ya asali ya mchuuzi wa barabarani:
ulimi haung'amui siku ya kwanza,
chupa ndiyo itakayosema, ikichacha.

Kisha hii, ya manjano tupu.
Sarafu ile ile, chai nyingine, nusu saa.
Nikamwaga maji, dawa ikaondoka yote,
chini ya sarafu na pembeni pake.
Nikakiinua kitambaa, nikautazama mtaa kupitia nyuzi zake.
Sijawahi kufurahia kitu kisichokuwepo namna ile.

Kwa hiyo nifungie mbili za manjano,
moja juu ya meza, moja upande wa karo,
wala usizishushe sana: hata taa njema
ikikaa karibu siku nzima, inauma.
Ule ufa juu ya dirisha uzibe.
Swichi ya nyeupe itoe nje, iweke juu,
Mihayo aifikie kwa kusimama kwenye ndoo,
na akiwa kwenye ndoo awe na muda wa kufikiri.

Yeye mwenyewe ameandika kibao cha mlangoni,
toba yake, nadhani. Kisome:

    Uingiapo chumbani, simu yako iwe giza,
    Tochi acha mlangoni, dawa utaiunguza,
    Ukikosa kitu ndani, papasa au uliza,
    Mwanga si wote rafiki, mwingine huangamiza.

Zile tyubu zako zifunge sebuleni.
Wateja wahesabu chenji vizuri, nisidaiwe mara mbili.

Umemaliza? Zima tochi yako ya kichwani.
Sasa washa.
Subiri kidogo, macho huchelewa.
Ona mikono yako, kama umetoka kurina.
Ona fremu ile, mstari mmoja wa dawa umezidi unene, nitaurudia.
Na kule chini ya meza, nyuma ya ndoo ya wino,
ndala. Ya kushoto.
Mwite Mihayo.